Tegu wa Shangazi

Maswali kumi na tisa yalikuwa yameulizwa katika chumba cha mahojiano tangu saa mbili asubuhi, na Shangazi alikuwa amejibu moja tu. Aliulizwa kama anahitaji chochote, akasema chai ile haina sukari.

Sukari ikaletwa kwenye kipande cha gazeti. Shangazi akakoroga, akanywa, akasema ahsante mwanangu, kisha akafunga mdomo kama mtu anayefunga duka.

Inspekta Kijiko alimtazama akahisi kichwa kinaanza kumgonga. Jina hilo hakupewa na mama yake. Alipewa na wenzake kituoni, kwa kuwa hajapata kukuta sufuria katika kazi hii akaiacha bila kuikoroga mpaka chini. Ila hii ya leo alikuwa ameikoroga tangu jana na hakuna kilichoibuka.

Kwenye karatasi kesi yenyewe ilikuwa nyepesi kama unyoya. Jana asubuhi Profesa, mzee wa kituo cha utafiti wa samaki, alikutwa chali kwenye sakafu ya maabara yake, kisogo kimepasuka, hana fahamu. Mpaka saa hii alikuwa hospitali, hajafumbua jicho. Aliyemkuta ni msaidizi wake, kijana wanayemwita Daktari Mdogo, saa tatu kamili. Bomba lilikuwa likimwaga maji, sakafu imegeuka bwawa, meza ya kupasulia samaki imesuguliwa ikang'aa, na mabakuli sita meupe yamepangwa kifudifudi, safi kama ya bibi harusi.

Mlinzi wa geti, Mzee Kufuli, alikuwa ameandikisha maelezo yake bila kupepesa. Saa kumi na mbili alisikia Profesa akimfokea Shangazi, mpasuaji wake wa samaki, mpaka vioo vinatetemeka. Saa kumi na mbili na nusu Shangazi akatoka analia, mikono inachuruzika maji. Baada ya hapo hakuingia mtu, hakutoka mtu, mpaka Daktari Mdogo alipofika.

"Kampiga, kaosha damu, kaondoka," Mkuu wa kituo cha polisi alikuwa amesema, akihesabu kwa vidole vitatu. "Unataka nini tena, tupige picha ya ukumbusho? Saa nane mchana anapelekwa kwa hakimu. Kujaribu kuua. Ikiwa mzee wa watu atakata roho, tutabadilisha neno moja tu."

Kilichomkera Kijiko ni yale mabakuli. Mwenye damu ya kuficha husugua sakafu. Sasa huyu aliachaje sakafu ijae maji, akapoteza muda kung'arisha mabakuli sita?

"Shangazi," alijaribu tena. "Mligombania nini?"

Shangazi alipuliza chai yake.

"Mtaani wanasema wewe na Profesa mlikuwa na mambo yenu."

Hapo Shangazi aliinua macho. Mwanamke wa miaka hamsini na minane, mnene kiasi, vidole vimejaa makovu madogo ya visu. "Mambo gani, mwanangu? Malizia, usiogope. Miaka thelathini nanukia utumbo wa papa. Hata paka wa nyumbani ananipenda kwa sababu hiyo tu."

Koplo, aliyekuwa ameegemea mlango, alikohoa kuficha kicheko.

"Basi nisaidie, mama yangu. Nakuuliza kwa heshima. Ulimpiga?"

"Anaendeleaje?"

"Hajaamka."

Shangazi alisukuma kikombe pembeni. "Andika ni mimi."

"Ulimpiga?"

"Sikumpiga. Lakini ni mimi."

Kijiko aliweka kalamu mezani polepole, kama kitu kinachoweza kulipuka. Katika miaka kumi na saba ya kazi alishakutana na waliofanya wakakana, na wasiofanya wakakiri. Aliyekana na kukiri katika pumzi moja, huyu alikuwa wa kwanza.

*

Maabara ilikuwa chumba kirefu chenye rafu mpaka darini, na kwenye rafu chupa, na kwenye chupa nyuzi nyeupe zilizolala kwenye maji kama tambi zilizosahauliwa. Koplo alisimama karibu na mlango akiwa ameziba pua kwa adabu.

"Hizi zote ni minyoo?"

"Tegu," alisahihisha Daktari Mdogo. Alikuwa mwembamba, shavu moja limevimba, na alizungumza kwa upande mmoja wa mdomo. "Wanaishi kwenye utumbo wa papa, na wa taa, yule samaki bapa kama ungo mwenye mkia wa mjeledi. Utumbo wao umejisokota ndani kama ngazi ya mnara, na kila kidato kina wapangaji wake."

Kijiko alikuwa na orodha ya vitu vilivyokutwa karibu na Profesa. Moja, chuma cha kunolea visu, hakina damu. Mbili, kandambili mbili, moja ya bluu na moja nyekundu, zote za kushoto. Ukiendelea chini, namba tisa: chupa moja ndogo, minyoo ndani. Hakuna aliyeijali. Katika nyumba yenye chupa elfu nne, nani ataijali moja?

"Hii ilikuwa kando ya bomba," alisema, akiichukua. "Si kwenye rafu. Ni ya nini?"

Daktari Mdogo aliigeuza mkononi, uso ukakunjamana. "Haina karatasi."

"Karatasi gani?"

"Kila chupa humu inakaa na karatasi ndani yake, imeandikwa kwa penseli: samaki gani, namba yake, siku gani. Profesa akikuta chupa haina karatasi anaimwaga chooni papo hapo, hata ingekuwa na dhahabu. Hawezi kuacha chupa namna hii."

"Ila ameiacha."

"Au mtu mwingine ameiweka." Alivuta kiti, akadondosha mnyoo mmoja kwenye kioo, akainama kwenye hadubini. Kisha akasema, "Hapana." Akatazama tena. "Hapana, hapana, hapana."

"Kijana, mimi si mganga. Sema nielewe."

"Huyu ni tegu wa Shangazi!"

Koplo na Kijiko walitazamana.

Daktari Mdogo alinyoosha kidole ukutani, kwenye picha iliyowekwa fremu: Profesa akiwa na nywele nyingi zaidi, Shangazi pembeni yake na kitambaa kipya, wote wameshikilia cheti. "Miaka kumi na moja iliyopita Profesa alimkuta mnyoo asiyejulikana ndani ya papa wa madoa. Akampa jina la Shangazi. Wataalamu wa dunia nzima wanamwandika kwa jina hilo. Ila kuna tatizo. Tangu siku ile tumepasua papa wa madoa mia moja na arobaini, na hatujampata tena hata mmoja! Wenzake wa nje wameshaanza kumcheka kwenye barua. Wiki hii kitabu chake cha mwisho kinapelekwa kuchapwa, na ukurasa huo ulikuwa unamnyima usingizi."

"Na sasa yumo kwenye chupa."

"Sasa yumo kwenye chupa," Daktari Mdogo alirudia, macho yakimng'aa. "Maana yake jana alimpata! Kwenye yule papa wa mezani!"

Kijiko alikwenda kwenye sinia kubwa la bati lililokuwa limefunikwa turubai. Alilifunua. Papa wa madoa alikuwa amelala pale, macho kama vifungo, na tumbo lake lilikuwa zima. Hakuna kisu kilichompitia.

Kijiko alimgeuza upande wa pili. Nao ulikuwa mzima.

"Huyu hajapasuliwa," alisema Koplo, kana kwamba wengine hawaoni.

"Alitoka kwenye friza juzi usiku ili ayeyuke," alisema Daktari Mdogo taratibu. "Alikuwa hajaanza naye."

"Basi tegu wametoka kwa papa mwingine."

"Hakuna mwingine. Na hata angekuwepo... Afande, samaki akifa, wapangaji wake wanakufa naye. Saa chache tu wanalegea, vichwa vinapukutika. Akiwa ametoka kwenye friza ndiyo kabisa, unapata uji. Hawa wamenyooka kama askari. Waliingia kwenye dawa ya kuhifadhi wakiwa hai."

"Chupa ya zamani je? Ya miaka kumi na moja iliyopita? Mtu ameiba humo akaja kuwaweka hapa?"

Chupa ya zamani ilikuwa kwenye kabati la chuma, imefungwa kwa nta. Wakahesabu. Tegu saba walioandikwa daftarini, saba walikuwepo.

Kijiko alihisi ubongo wake umejisokota kama utumbo wa papa. Alikuwa na mnyoo asiye na samaki, na samaki asiye na mnyoo. Alimgeukia Daktari Mdogo, akamwangalia vizuri kwa mara ya kwanza. Mtu wa pili wa kituo. Mzee akiondoka, kiti ni chake. Na ndiye aliyemkuta.

"Wewe jana, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tatu, ulikuwa wapi?"

"Kwa daktari wa meno."

"Nani alikuona?"

Daktari Mdogo alifungua kinywa mpaka mwisho. Nyuma kabisa kulikuwa na shimo jekundu, bichi, la kutosha kupandia mche. "Yeye, na muuguzi wake, na watu kumi na wanne waliokuwa kwenye foleni wakinisikia nikilia."

Koplo alitikisa kichwa kwa huruma. Kijiko alifunga daftari.

"Niulize jambo moja la mwisho. Hawa tegu hawawezi kuhama? Wa samaki huyu kwenda kwa yule?"

"Wa papa huyu hakai kwa papa yule, seuze kwenda kwa taa. Ndiyo maana tegu wa Shangazi alileta kelele dunia nzima. Umbo lake ni la wale wa taa kabisa, ila alikutwa kwa papa. Muujiza ulikuwa hapo."

Kijiko aliitia chupa mfukoni. Saa ya ukutani ilisema saa tano na nusu.

*

Safari hii hakuuliza swali. Aliiweka chupa mezani, mbele ya kikombe, akaketi.

Shangazi aliitazama kama mtu anayetazama picha ya marehemu. Hakuomba hadubini. Aliinyanyua tu akaielekeza dirishani, akaigeuza kidogo, nyuzi nyeupe zikacheza kwenye mwanga.

"Amekwenda," alinong'ona. "Mzee mkaidi yule. Amekwenda kweli."

"Kwenda wapi, Shangazi?"

"Nikisema, wataandika kwenye magazeti?"

"Usiposema, saa nane utakuwa mbele ya hakimu. Na mimi nitakuwa nimempeleka mtu jela huku moyo wangu unaniambia mjinga wewe."

Shangazi aliiweka chupa chini. Alitoa pumzi ndefu iliyokuwa imekaa kifuani, kwa hesabu ya baadaye ya Kijiko, miaka kumi na moja.

"Kwetu kuna sheria moja tu, mwanangu. Samaki mmoja, bakuli moja. Ukimaliza mmoja, bakuli linaoshwa kwa maji ya moto na brashi, kwa sababu tegu wengine ni wadogo kuliko punje ya mchele, wananata ukingoni. Siku ile walikuja samaki wawili. Kwanza taa, halafu papa wa madoa. Nilikuwa nimemaliza taa, simu ikaja kuwa mdogo wangu ameshikwa na uchungu na hali si nzuri. Mikono ikaacha kunisikiliza. Nikalipangusa bakuli kwa kitambaa, sikuliosha. Nikamwaga utumbo wa papa mle mle. Nikakimbia."

Koplo alikuwa ameacha kuegemea mlango.

"Nilirudi kesho yake namkuta mzee anaruka kama mtoto. Nikachungulia. Wa papa wana pembe mbili mbili kichwani, kama mbuzi. Hawa walikuwa na majani manne juu ya vikonyo. Nikajua palepale ni wa taa. Nikasema moyoni ataona mwenyewe, yeye ndiye bingwa. Hakuona! Au hakutaka kuona. Wiki ya pili kaniita ofisini, kanipa jina. Watu wakapiga makofi. Mimi sina mtoto, mwanangu. Darasa la nne niliishia. Halafu naambiwa kuna kiumbe cha Mungu duniani kinaitwa kwa jina langu. Ningefumbua mdomo vipi?"

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza, yeye akawa anapasua papa. Kila papa aliyempasua nilikuwa nasimama pembeni nashika tochi, najua hakuna kitu humo. Mia moja na arobaini. Jana kitabu kilikuwa kinaondoka, na picha yangu ndani. Nilikuwa naosha mikono, nikamwambia. Nilidhani atanipiga. Alifoka, akalia, akasema miaka kumi na moja, miaka kumi na moja. Nikatoka nikamwacha ameshika kichwa. Sasa unaniuliza nani kamwangusha? Hata kama ni presha, hata kama ni moyo, ni mimi."

Kijiko alikuwa amesimama bila kujua. Kitu kilikuwa kimeanza kuelea juu ya sufuria.

"Shangazi, hawa wa kwenye chupa. Wametoka kwa taa?"

"Taa. Hata kwa kuapa."

"Jana mlikuwa na taa humo ndani?"

"Friza zima papa. Taa hatujaletewa tangu mwezi uliopita."

"Kwa hiyo alimtoa wapi?"

"Diko, wanakoshushia samaki. Lazima awe mbichi, la sivyo unapata uji."

"Na vyombo vya wavuvi vinaingia diko saa ngapi?"

"Saa moja. Mapema zaidi ya hapo unawakuta mbwa tu."

Koplo ndiye aliyetamka, polepole, kama anayesoma kibao cha mbali. "Shangazi alitoka saa kumi na mbili na nusu."

"Na mpaka tunamkamata saa nne alikuwa kwa mdogo wake, nyumba ina watu tisa," alisema Kijiko. "Profesa alikwenda diko saa moja kwa miguu yake. Akarudi na taa, akampasua, akawatia hawa kwenye dawa. Alikuwa mzima!" Alipiga meza kwa kiganja, chai ikaruka. "Koplo, kimbia diko. Ulizia nani alimuuzia mzee mwenye kandambili za rangi mbili."

"Na wewe, Afande?"

"Mimi nina mtu aliyeniambia hakutoka mtu, hakuingia mtu."

*

Mzee Kufuli alikuwa kwenye benchi la ukumbi wa kituo cha polisi, kofia magotini, akisubiri kutia sahihi maelezo yake. Nje ya dirisha baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, na paka watatu walikuwa wameizingira. Mmoja alikuwa ameshapanda kwenye kikapu cha nyuma, akikiramba kwa bidii ya mtu aliyealikwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nitie sahihi wapi?"

"Tutafika huko. Jana usiku mlikula nini nyumbani?"

Mzee alikunja uso. "Hiyo nayo ni ya polisi?"

"Ya polisi kabisa."

"Maharage."

"Ya kukaanga au ya kuchemsha?"

"Ya... ya kawaida tu."

"Naona paka hawa wanapenda sana maharage."

Mzee Kufuli aligeuka kuangalia dirishani. Aliporudisha uso, ulikuwa umezeeka miaka mitano.

"Mzee wangu, nakuheshimu kama baba. Samaki akishatolewa tegu, nyama yake inakwenda wapi?"

"Inatupwa."

"Inatupwa kwenye sufuria ya nani?"

"Ni utaratibu wa siku zote!" alilipuka. "Wao wanataka minyoo, mimi nachukua nyama. Haikuwa wizi hata siku moja. Muulize Profesa mwenyewe!"

"Ningependa. Hajaamka."

Simu ya Kijiko ililia. Ilikuwa ni Koplo, na nyuma yake kelele za diko zima. "Afande! Yupo mama mmoja anauza samaki, anamkumbuka vizuri. Saa moja na dakika chache. Alikuja mbio, kachukua taa wa kwanza kuonekana, hata bei hakuuliza. Watu wakacheka kandambili zake. Akamwambia yule mama, 'Nifungie haraka, kuna mwanamke leo kanifumbua macho.'"

Kijiko alirudisha simu mfukoni taratibu. "Endelea, mzee."

Mzee Kufuli alianza kuikunja kofia. "Alirudi amebeba gunia, anacheka peke yake. Nilidhani amerukwa na akili. Saa mbili akafungua mlango wa nyuma: 'Kufuli, chukua, leo mzimamzima.' Alikuwa na brashi mkononi na povu mpaka kwenye viwiko. Akasema ana vyombo vya kuosha. Taa akikaa juani ananuka kama choo, Afande. Nikapanda baiskeli, nikampeleka nyumbani, nikanywa kikombe cha chai, nikarudi. Narudi, Daktari Mdogo ndiyo anaingia getini."

"Ukaniambia hakutoka mtu."

"Nimeacha geti saa nzima! Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu. Wangenifukuza."

"Na Shangazi? Yeye angefungwa miaka mingapi ili wewe umalize mwaka wako mmoja?"

Machozi yalikuwa yanamtoka mzee bila sauti, yanadondokea kofiani. "Nilidhani mtamwachia," alisema mwishowe. "Shangazi ana watu. Nilidhani wataongea, mtamwachia."

Kijiko alimsukumia karatasi mpya. "Andika upya. Yote. Na chai ya nyumbani uiandike."

*

Mkuu wa kituo alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akavua miwani.

"Basi nani alimpiga?"

"Hakuna, mkuu. Alijiangusha."

"Mabakuli sita hayo?"

"Alikuwa ndiyo kwanza ameambiwa kwamba bakuli moja chafu limemla miaka kumi na moja. Wewe ungeosha mangapi? Kwao ni osha kwanza, andika baadaye, ndiyo maana chupa haikuwa na karatasi. Bomba wazi, sakafu povu tupu, kandambili zote za kushoto. Daktari wa hospitali ameniambia jeraha limenyooka kama limepigwa rula. Nimepima ukingo wa meza ile ya kupasulia. Unaingia sawasawa, na chini yake kuna nywele tatu za mvi. Jana hatukuinama kutazama."

Mkuu alitazama saa. Ilikuwa saa saba na dakika hamsini. Alikuwa na uso wa mtu aliyevaa suti kwa ajili ya harusi iliyoahirishwa. "Minyoo," alisema kwa uchungu. "Nitamwambia hakimu kuwa nimeshindwa na minyoo." Akatia sahihi.

Shangazi alikuwa kaunta akirudishiwa viatu na kitambaa chake cha kichwa, na ukumbi ulikuwa umejaa ndugu, majirani na watoto kana kwamba kuna sherehe, ndipo Daktari Mdogo alipoingia anahema.

"Ameamka! Amefumbua macho nusu saa iliyopita. Ameomba maji."

Vigelegele vikapasua dari. Mdogo wake Shangazi alimrukia shingoni. Daktari Mdogo ndiye pekee aliyebaki amesimama kama mwenye jambo, na akiba ya furaha ilipopungua alimvuta Shangazi pembeni, karibu na Kijiko.

"Kuna kitu kimoja, Shangazi. Hakumbuki. Madaktari wanasema ni kawaida kwa pigo la namna ile. Kumbukumbu yake inaishia juzi usiku. Ya jana asubuhi yote imefutika. Ugomvi, diko, taa, chupa. Hajui chochote."

Shangazi aliweka viatu chini.

"Nimefikiri njiani." Kijana alishusha sauti. "Tegu yupo. Nitamwambia alikwenda diko mwenyewe, akapasua taa, akampata. Sayansi itakuwa imesahihishwa, kitabu kitarekebishwa. Yale ya bakuli si lazima. Afande, kwenye faili si tunaweza kuyaacha?"

Kisheria Kijiko hakuwa na la kusema. Mtu hajapigwa, kesi hakuna, na bakuli chafu si kosa la jinai. Kwa mara ya pili siku ile hakujua hata swali la kuuliza lilikuwa lipi. Wema ulikuwa upande gani? Wa yule mzee aliyelala na bandeji, au wa huyu mama aliyeshapanda mlima ule mara moja akaambiwa hakuna aliyemwona akiupanda?

"Unanitakia mema, mwanangu," Shangazi alisema. Alijifunga kitambaa taratibu, akakikaza nyuma kwa mafundo mawili. Kisha akamgeukia Kijiko. "Gari la polisi linapita hospitali?"

"Linaweza kupita."

Wodini Profesa alikuwa ameegemea mito miwili, kichwa kimeviringwa bandeji nyeupe, mdogo kuliko picha yake. Aliona ni nani aliyesimama mlangoni, uso ukamchangamka.

"Shangazi! Hawa watu wananiambia nilianguka. Tumepoteza siku mbili bure, yule papa ataharibika. Umeshamtoa kwenye sinia?"

Shangazi alivuta kiti. Kijiko, ambaye alikuwa amesema atasubiri kwenye gari, alijikuta bado ameshika kitasa.

"Mwache papa," alisema Shangazi. Aliuchukua mkono wa mzee akaufunika kwa mikono yake yote miwili. "Profesa, kuna bakuli moja sikuliosha."